UZI: Miaka yote hii, kwa nini Shaaban Robert hakauki midomoni mwa watu wa Tanga?

#1 MwanaMachui

Wakuu, za jioni.

Kila ikikaribia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, jina la Shaaban Robert linapigiwa makofi nchi nzima. Baba wa Kiswahili, mwanafalsafa, gwiji, nguli. Sina ugomvi na makofi. Ila huku kwetu, ukitoka Tanga mjini ukashika njia ya Pangani, watu wanaomjua hawamjui kwa vyeo hivyo. Kuna akina mama hapa ambao darasa la saba hawakulimaliza, lakini binti akiolewa utawasikia wanamshushia beti za Utenzi wa Hati bila kukwama. Waulize zimetoka kitabu gani. "Ah, hayo maneno ya wakubwa." Na aliyeyatunga kazikwa hapa hapa Machui, mwendo mfupi tu wa pikipiki.

Sasa hoja yangu, na mnaotaka kunirarua karibuni: anadumu kwa sababu ni mshairi wa shamba.

Sisemi kila shairi lake lina jembe. Nasema kipimo chake cha mtu ni kile cha kijijini. Unakaaje na jirani? Ahadi unatimiza au unapiga chenga? Mkono wako umefanya nini tangu asubuhi? Cheo hakimpi mtu uzito wowote kwake. Someni Adili na Nduguze. Adili ni liwali mzima wa Janibu, kodi na mahesabu yote yako sawa, lakini mfalme Rai anachotaka kujua ni kwa nini kila usiku anawapiga manyani wawili. Kumbe manyani wale ni nduguze, Mwivu na Hasidi. Liwali huyo kesi yake ni ya ndugu na ndugu, ile tunayoiamua kila siku chini ya mwembe.

Kitabu chenyewe kilichonisukuma kuandika ni Utubora Mkulima. Kilitoka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora ana kazi nzuri Unguja, tajiri wake anamthamini, mshahara upo. Anaacha. Anakwenda kijiji cha Busutamu kulima. Hakufukuzwa, hakuiba, hakufilisika. Ameamua tu.

Na aliyeandika haya alikuwa karani. Alizaliwa Vibambani, Januari 1, 1909. Akasoma Dar es Salaam 1922 hadi 1926, kisha serikali ya mkoloni ikamfanya mtu wa uhamisho: forodha miaka mingi, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo, halafu idara ya mifugo hadi Longido kwa Wamasai. Mwaka 1946 ndipo akarudi Tanga katika ofisi ya jimbo, akaja kumalizia kwenye upimaji wa ardhi. Hebu mfikirieni mtu wa pwani, kazoea minazi na upepo wa kusi, yuko Longido anaandika habari za ng'ombe wa watu. Mtu wa namna hiyo akikaa mezani usiku ataandika nini kama si kwao?

Ndiyo maana sisi tulioko makazini Dar, Arusha, Mwanza, tukimsoma tunajiona. Kila mmoja wetu ana Busutamu yake anayoiahidi kuirudia akistaafu.

Karibuni.

#2 Kijana_Raskazone

Mkuu umeanza vizuri ukamalizia kwa kujipiga mwenyewe. Karani wa serikali kuanzia 1926 mpaka karibu na kufa, halafu unaniambia mshairi wa shamba? Huyo ni mshairi wa ofisini anayeota shamba. Tofauti ni kubwa.

Halafu tuseme ukweli, jamaa anahubiri. Majina tu yanakumaliza: Utubora, Adili, Mwivu, Hasidi, Utubusara. Ukishasikia jina unajua mwisho wake. Kijijini gani watu wanakaa hivyo? Mimi kijijini kwetu Mwivu na Adili ni mtu mmoja, inategemea umemkuta saa ngapi.

#3 Mpanda_Baiskeli

😂😂 Hiyo ya "inategemea umemkuta saa ngapi" naichukua. Naweka kigoda hapa, nafuatilia.

#4 MwalimuMstaafu

Wanangu, nawasalimu nyote.

Kijana wa Raskazone ana haki ya kuuliza. Majina yale ni ya makusudi, na si yeye aliyeyaanza. Ngano za bibi zenu zilikuwa na Sungura na Fisi, na mtoto akisikia Fisi kaingia anajua sasa kuna tamaa. Hakuna aliyelalamika kwamba mwisho unajulikana. Utamu ulikuwa katika njia ya kufika.

Lakini nataka tuyaache majina, tusikilize. Nimefundisha Kiswahili shule za mkoa huu muda mrefu, na niliona kitu kimoja. Mtoto asiyeweza kukumbuka kanuni moja ya hesabu alikuwa anashika ubeti wa Shaaban Robert kwa kuusikia mara mbili tatu. Kwa nini? Chukueni shairi la Amina, alilomlilia mkewe wa kwanza:

Amina umejitenga, kufa umetangulia,
Kama ua umefunga, baada ya kuchanua,

Hesabuni kwa vidole. A-mi-na-u-me-ji-te-nga, nane. Ku-fa-u-me-ta-ngu-li-a, nane. Mstari wa pili vivyo hivyo, nane kwa nane. Kina cha kati ni -nga, cha mwisho -a. Halafu sikilizeni mstari unaofunga ubeti: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua." Mwanamke kafa, kaburi limefukiwa, na mume anasema fundo hili hakuna wa kulifungua, hata kifo. Kalisema kwa maneno matano ambayo mvuvi wa Tongoni anayatumia kila siku kwenye kamba za ngalawa. Hakwenda kuazima msamiati. Mtu akifiwa hana nafasi ya kutafuta kamusi, anataka maneno yanayomtoka mdomoni huku analia, na haya yanatoka.

Hapo ndipo ninapokubaliana na MwanaMachui, ila kwa njia nyingine. Mashairi yake yalitungwa yapite kwa sikio. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliotuma. Kijijini gazeti moja lilikuwa la mtaa mzima. Anayejua kusoma anasoma kwa sauti barazani, wengine wanasikiliza, wenye vichwa vyepesi wanaondoka na beti. Shairi likikutana na mvuvi, mkwezi na mama mwenye kikapu cha dagaa katika baraza moja, lisiposhikika kwa sikio limekufa siku hiyo hiyo.

#5 MkulimaWaMuheza

Mwalimu shikamoo.

Mimi si mtu wa vitabu, ni mtu wa machungwa na muhogo, ila hilo ua lililofunga baada ya kuchanua limenisimamisha. Wasomi watawaambia ni tamathali. Mimi nawaambia nenda kwenye bamia zako asubuhi na mapema. Ua la bamia linafunguka kupambazuka, la manjano, katikati limeiva rangi ya zambarau. Rudi jioni, limejifunga, limenywea, na halifunguki tena. Siku moja tu. Sijui yeye alikuwa na ua gani kichwani, lakini mtu aliyekulia Vibambani hakuhitaji kuambiwa kwamba yapo maua ya siku moja.

Na kuna kitu hakukisema, au alikiacha tukione wenyewe. Ua la bamia likishafunga ndipo bamia inapotoka. Ukilikuta limenywea unajua mboga inakuja siku chache zijazo.

Hilo la kumsifu. Sasa la kumlaumu. Kitabu cha Utubora sina, nilikisoma zamani kwa kuazima, lakini nakumbuka nilivyokimaliza nikicheka. Utubora wa watu analima kwa furaha, anaheshimika, roho imetulia. Nikajisemea, huyu hajawahi kuamka akute nguruwe wamepita kwenye muhogo. Hajawahi kupeleka machungwa barabarani, mnunuzi wa kutoka mjini anashusha bei mpaka unaona heri ungeyaacha mtini. Lumbesa umefunga mwenyewe, kidonda ni chako. Shamba linalosifiwa na karani halina kwekwe.

Na kubwa zaidi. Tanga ya siku zake ilikuwa Tanga ya mkonge. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 ndiyo iliyofika hai, ukaenea kila kona. Kufikia 1964 nchi yetu ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, dunia nzima hakuna aliyetufikia. Nani alikata? Manamba, vibarua wa mkataba. Watu walitolewa Songea, Kigoma, mpaka ng'ambo ya mipaka, wakaletwa hapa na kipande, kadi ya kazi, mfukoni. Wajukuu zao ndio majirani zangu. Busutamu haina manamba. Sasa ninyi mnaomwita mshairi wa shamba, shamba gani? La nani?

#6 Kijana_Raskazone

Mkulima nakuvulia kofia. Hii ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta nikashindwa kuisema.

#7 BintiNgamiani

Assalaam alaykum. Nimesoma kimyakimya mpaka hapa, sasa naingia kwa kuwa naona wanaume mmelizungumza shamba lote na jikoni hamjafika.

Bibi yangu alikuwa kungwi. Utenzi wa Hati niliushika kwake kabla sijajua kuna mtu aitwaye Shaaban Robert. Alimtungia binti yake Mwanjaa, na mwenye kujua tenzi atasikia nyuma yake sauti ya Mwana Kupona wa Pate, aliyemuusia binti yake mwaka 1858. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alikuwa mama. Huyu ni baba. Na nitasema wazi: kuna beti humo za kumtii mume ambazo mimi binti yangu simsomei. Ninaziruka. Bibi angenisikia angenichapa.

Lakini kabla hamjamtupa, mkumbukeni Siti, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Watu mnataja riwaya zake, Kusadikika na Kufikirika, mnasahau Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, shamba kweli kweli, wazazi wa kawaida kabisa. Alikuwa anafinyanga vyungu na kuvitembeza kwa miguu kuuza mjini Unguja. Huyo ndiye aliyekuja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mpaka mabwana waliokuwa hawamtazami barabarani wakawa wanakaa kimya kumsikiliza. Shaaban Robert alimfuata kabla hajafariki 1950, akamwandikia maisha yake.

Siku zile kuandikiwa kitabu cha maisha ilikuwa haki ya masultani na mashujaa wa vita. Yeye kaenda kwa mwanamke muuza vyungu. Mkulima wa Muheza umeuliza shamba la nani. Jibu moja hilo hapo: la Siti.

Huyu ndiye anayenichanganya. Mwanangu simsomei beti zake za utii, halafu usiku nasoma habari za Siti mpaka machozi. Ni mtu mmoja.

#8 MwanaMachui

Dada BintiNgamiani, asante sana. Kwenye orodha yangu kichwani Siti sikuwa nimemweka kwenye upande wa shamba, na sasa naona hakuna anayestahili kuliko yeye.

Mkulima, umenibana, lakini sikuachii. Ni kweli Busutamu haina kwekwe nyingi. Hata hivyo usimsome kama bwana shamba. Utubora hakuwekwa pale atufundishe nafasi kati ya shina na shina. Aliwekwa pale kumjibu mtu wa miaka ile. Kijana akishajua kusoma na kuandika, ndoto yote ilikuwa kuvaa suruali iliyopigwa pasi na kukaa nyuma ya meza ya serikali. Jembe likawa adhabu, tena shuleni ukikosea ulipelekwa kulima. Katikati ya hayo karani mwenye meza yake anaandika kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuiacha meza akachagua jembe, na asiwe mwendawazimu. Angeyaandika mkulima wangesema sizitaki mbichi hizi. Karani ndiye aliyekuwa na haki ya kuyasema, kwa sababu alikuwa nacho kile wenzake walichokitamani.

Kuhusu manamba sina jibu la kukuridhisha. Pengo lipo.

#9 HuruKamaUpepo

Nyie watu wa Tanga mapenzi yenu kwa vina yatawaua. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi ametoa diwani yake ya Kichomi, kavunja vina na mizani vyote, na shairi likabaki shairi. Nusu karne imepita bado mnahesabu nane kwa nane kwa vidole kama watoto wa chekechea.

Shaaban Robert ni mkubwa kwa wakati wake. Leo kinachombeba ni mtaala. Vitabu vyake vingeondolewa shuleni miaka kumi tu, tuone kama kuna atakayemkumbuka.

#10 MwalimuMstaafu

Mwanangu HuruKamaUpepo, jina lako lina mizani nzuri tu: Hu-ru-ka-ma-u-pe-po, saba. Ongeza moja nikupe ubeti.

Kezilahabi, Mungu amrehemu, usimtumie kama fimbo ya kumpigia Shaaban Robert. Tasnifu yake ya umahiri pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert huyo huyo na riwaya zake. Alimsoma mstari kwa mstari ndipo akachagua kwenda njia yake. Anayevunja vina baada ya kuvijua ni mshairi. Wengi wa vijana wanaoniletea mashairi huru wamevikimbia tu.

Na hilo la mtaala. Shule imembeba, sikatai, nami nilikuwa mmoja wa wabebaji. Lakini shule imewabeba wengi. Ningeweza kukutajia hapa vitabu vya lazima vya miaka ya sabini ambavyo leo hata waliovifanyia mtihani hawakumbuki jalada lake lilikuwa rangi gani. Mtaala unamfikisha mtu mlangoni. Kukaribishwa ndani ni jambo lingine.

Nyongeza moja ambayo hamjaigusa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Shaaban Robert wakati ule ni kijana wa miaka kumi na tisa, mtu wa Mrima, nyumbani kazungukwa na Kidigo, Kisegeju na Kibondei. Angeweza kutunga kwa lafudhi ya kwao na tukampenda sisi peke yetu. Alichukua ile lugha mpya iliyokuwa inanuka karatasi za ofisi akaitia damu. Kwa hiyo mtoto wa Sumbawanga akimsoma haoni mgeni, na mzee wa Machui akimsikia haoni mgeni. Hayo mawili pamoja ni magumu. Muyaka bin Haji wa Mombasa kwangu ni fundi asiye na mfano, lakini mpe mwanafunzi wa bara Muyaka bila maelezo, uone atakavyokutolea macho.

#11 Mpitanjia_Lungalunga

Nipo ng'ambo ya mpaka, shule kwetu tulimsoma vilevile. Hapa Lungalunga ukisema "Titi la mama li tamu" hata mpiga debe atakumalizia "hata likiwa la mbwa." Sisi tunadai ni wetu. Tanga mmepakana naye tu.

#12 Mpanda_Baiskeli

Mpitanjia usituanzishie vita ya mipaka 😂. Chukueni Muyaka, Shaaban mtuachie.

Mimi swali langu la kawaida tu. Kwa wanaojua, hivi huyu mzee alipata kitu kutokana na hivi vitabu? Maana vingi mnavyovitaja vimetoka baada ya yeye kufa.

#13 MwalimuMstaafu

Swali zuri. Kusadikika kilitoka 1951 na Adili na Nduguze 1952, akiwa hai. Lakini Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote ni vya 1968. Utenzi wa Vita vya Uhuru, beti elfu tatu za vita vya 1939 hadi 1945, ulichapwa 1967. Yeye kaondoka Juni 1962, umri miaka hamsini na mitatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita Shaaban Robert ilikuwa maandishi yaliyolala kwenye makaratasi.

Mwenye kutaka kumwona akiwa hana kanzu ya ijumaa, atafute Barua za Shaaban Robert, alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958. Zimetolewa kitabu. Humo mwanafalsafa hayupo. Yupo kaka anayehangaika na mambo ya ukoo, fedha na miswada. Nilipozisoma ndipo nilipomwamini Utubora. Mtu mwenye pilikapilika kama zile lazima ajitungie Busutamu apumzike.

#14 MkulimaWaMuheza

Mwalimu, hapo kidogo nimelegea. Basi ile haikuwa ramani ya shamba, ilikuwa mahali pa kuvuta pumzi. Nakubali nusu.

Nusu nyingine sikubali, kwa sababu vijana wanasoma vitabu hivi wanakuja huku na Utubora kichwani. Mwaka juzi alikuja mmoja, kaacha kazi Dar, kanunua ekari zake, kofia kubwa, kila siku anajipiga picha na miche. Tulimpenda, kijana mpole. Masika ilipochelewa akaanza kupiga simu kwa kila mtu kuuliza mvua iko wapi, kana kwamba sisi ndio tumeificha. Kiangazi hakikumkuta. Sasa huyo nani amemdanganya?

#15 Kijana_Raskazone

Amejidanganya mwenyewe. Hapa namtetea Shaaban kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Utubora haendi Busutamu kutajirika wala kupiga picha. Anakwenda akijua anapunguza. Huyo ndugu yako alikwenda akitegemea kuongeza. Kama angesoma vizuri asingeondoka Dar.

Na nitaongeza kitu kwa kuwa leo nimeamka vizuri. Nimekaa nafikiria kwa nini mimi, ninayemwona mhubiri, bado najua mashairi yake kwa moyo kuliko ya mtu yeyote. Nadhani ni kwa sababu hakudharau. Nimesoma waandishi wengi wanaoandika kijiji. Wengine wanakionea huruma, wengine wanakicheka, wengine wanakifanya pepo. Shaaban anazungumza na mtu wa kijijini kama mtu mzima mwenzake mwenye akili ya kutosha kukosea na kujirekebisha. Anamhubiria, sawa. Lakini unamhubiria mtu unayeamini anaweza kubadilika.

Manamba bado yanabaki dhidi yake.

#16 BintiNgamiani

Kijana wa Raskazone leo umekunywa nini? 😄 Umesema vizuri mno.

Kuhusu manamba, mie nina maoni tofauti kidogo na Mkulima. Mtu mmoja hawezi kuandika Tanga nzima. Yeye kaandika alichokijua: mke aliyekufa, watoto wa kuwausia, mwanamke wa Fumba, karani aliyechoka. Waliokata mkonge walikuwa na nyimbo zao na hadithi zao, na wajukuu wao ni majirani zako, umesema mwenyewe. Kaa nao jioni, washa simu, rekodi. Shaaban Robert alifunga safari akamfuata Siti kabla hajafa. Wewe unao hapo mlangoni na unatulaumu sisi kwamba Busutamu haina manamba.

#17 MkulimaWaMuheza

Duh. Dada umenipiga na jembe langu mwenyewe.

Kuna mzee mmoja hapa karibu, mkato wa mkonge anaujua mpaka hesabu ya mafungu kwa kipande, na akilewa kidogo anaimba nyimbo za kambini za Kingoni. Watoto wake hawataki kuzisikia, wanaona aibu. Nitamwendea Ijumaa, siku hiyo halimi. Sasa nitamwanzia wapi? Mimi sijawahi kumhoji mtu.

#18 MwalimuMstaafu

Usimhoji. Nenda na muhogo wa kuchoma na kahawa, muulize kambi yao ilikuwa wapi na mnyapara alikuwa nani. Mnyapara hasahauliki. Ukishamtaja, mengine atayasema bila kuulizwa, na nyimbo zitakuja zenyewe. Simu iweke wazi mezani, mwambie unarekodi, usimfiche. Na mwambie aseme Kingoni pale kinapomjia, Kiswahili tutakitafuta baadaye.

#19 MwanaMachui

Huu uzi umenipeleka nisikokutarajia, na sina malalamiko.

Mkulima, Utubora Mkulima ninazo nakala mbili, moja ya zamani kurasa zimelegea, nyingine toleo la wachapishaji Mkuki na Nyota. Ya zamani nakupa moja kwa moja, si ya kuazima. Nipe siku unayoshuka Tanga nikukute stendi ya Kange.

#20 MkulimaWaMuheza

Nashuka Jumatatu na machungwa. Nitakuwekea kiroba chako. Ila nikikisoma tena nikakuta hakuna nguruwe hata mmoja, nitarudi hapa kulalamika.

#21 Mpanda_Baiskeli

Na sisi tuliokaa kwenye vigoda humu tangu mwanzo, machungwa yetu tunayapokelea wapi?